Muziki wa rap na siasa za vijana katika jimbo la Mikumi

Muziki wa rap na siasa za vijana katika jimbo la Mikumi ni mada inayohusu namna muziki wa kughani wa Tanzania ulivyoathiri fikra za vijana na ushiriki wao katika mambo ya umma, kwa kutazama mfano wa jimbo la Mikumi, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 25 Oktoba 2015 wapigakura wa jimbo hilo walimchagua Joseph Haule, mwanamuziki wa rap anayejulikana zaidi kwa jina la Professor Jay, kuwa mbunge wao. Mwaka 2001 Haule alikuwa ametoa wimbo "Ndio Mzee", unaowakejeli wanasiasa wanaotoa ahadi zisizotekelezeka wakati wa kampeni. Miaka 14 baadaye yeye mwenyewe alipanda jukwaani kuomba kura. Alitumikia kipindi kimoja, hadi mwaka 2020.

Mfano huu unasaidia kujibu swali ambalo wazazi, walimu na viongozi wamekuwa wakiliuliza tangu rap ilipoingia nchini: muziki huu unawafanyia nini vijana wanaousikiliza? Mara nyingi mjadala huishia kwenye mavazi, lugha chafu na ulevi. Yaliyotokea Mikumi yanaonyesha athari ya aina nyingine, yaani kuwazoesha vijana kupima maneno ya viongozi. Yanaonyesha pia mipaka ya athari hiyo.

## Eneo

Wilaya ya Kilosa iko magharibi mwa mji wa Morogoro. Wenyeji wa asili ni hasa Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, lakini mashamba ya mkonge, reli na viwanda vya sukari viliwaleta watu wa makabila mengi kutoka sehemu nyingine za nchi. Kwa sababu hiyo Kiswahili ni lugha ya kila siku ya vijana wengi wa huko. Mji wa Kilosa uko kwenye Reli ya Kati, na tawi la reli linatoka hapo kwenda Kidatu kupitia Mikumi.

Kwa upande wa uwakilishi bungeni, wilaya ina majimbo mawili: Kilosa na Mikumi. Tarafa ya Gairo, iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyo, ilifanywa wilaya ya pekee mwaka 2012.

Mji mdogo wa Mikumi uko kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kuelekea Iringa, Mbeya na Zambia, pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Hapo pia ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Kidatu na Ifakara. Mabasi na malori hupita mchana na usiku, na biashara ndogondogo za barabarani ni tegemeo la vijana wengi. Wengine hulima miwa inayouzwa kwa kiwanda cha sukari cha Kilombero, au mpunga, mahindi na vitunguu.

Ardhi ni suala zito katika wilaya nzima. Mwezi Desemba 2000 mapigano kati ya wakulima na wafugaji katika eneo la Rudewa yalisababisha vifo vya watu 38, na migogoro ya namna hiyo imejirudia baadaye. Wanasiasa wanaoomba kura Kilosa na Mikumi hutakiwa kueleza watafanya nini kuhusu ardhi, maji, barabara na bei ya mazao.

## Rap ilivyoingia Tanzania

Rap ilianza katika mtaa wa Bronx, New York, nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Tanzania iliingia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa njia ya kaseti na kanda za video zilizoletwa na vijana wenye ndugu ng'ambo. Mwanzoni wasanii walighani kwa Kiingereza. Mwaka 1991 Saleh Jabir alijulikana kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa wimbo wa Kimarekani "Ice Ice Baby", na ikaonekana kwamba Kiswahili kinabeba vina vya rap bila shida.

Hadi wakati huo kituo kikuu cha redio nchini kilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam ya serikali. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Radio One ikaanza mwaka uliofuata. Vituo hivyo vilihitaji wasikilizaji vijana, nao vijana walihitaji mahali pa kusikika. Nyimbo zilirekodiwa katika studio ndogo za Dar es Salaam, zikauzwa kwa kaseti na wasambazaji wa Kariakoo, na kufika mikoani kwa mabasi. Muziki huo uliitwa muziki wa kizazi kipya, na baadaye Bongo Fleva. Jina "Bongo" ni la mtaani kwa Dar es Salaam na kwa Tanzania nzima, kwa maana kwamba kuishi huko kunahitaji akili.

Watu wazima wengi waliuita muziki wa kihuni. Wasanii walijitetea kwa kusisitiza ujumbe. Wimbo "Hali Halisi" wa Mr. II, ambaye jina lake halisi ni Joseph Mbilinyi na sasa anaitwa Sugu, ulieleza mwaka 1998 ugumu wa maisha ya vijana na kasoro za siasa. Professor Jay alikuwa katika kundi la Hard Blasters, lililojipatia sifa kwa wimbo "Chemsha Bongo", kabla ya kutoa albamu yake ya kwanza peke yake, *Machozi Jasho na Damu*, mwaka 2001.

Mji wa Morogoro nao ulikuwa na wasanii wake. Afande Sele, ambaye jina lake halisi ni Selemani Msindi, alitwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004 na kulichukua kama jina lake la heshima. Stamina ni mmojawapo wa waliofuata kutoka mji huo. Kwa kijana wa Kilosa au Mikumi, rap haikuwa sauti ya Dar es Salaam peke yake.

## Namna rap inavyoathiri wasikilizaji

Wanasaikolojia na wanasosholojia wametoa maelezo mbalimbali kuhusu athari za vyombo vya habari kwa vijana. Albert Bandura, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1961, alionyesha kwamba watoto huiga matendo wanayoyaona kwa watu wazima. Kwa msingi huo wengine huhofia kwamba nyimbo zinazosifu ugomvi au ulevi zitazaa tabia hizo. Elihu Katz na Paul Lazarsfeld, katika kitabu chao cha mwaka 1955, walieleza kwamba ujumbe wa vyombo vya habari kwa kawaida haumfiki mtu moja kwa moja. Hupitia kwa watu anaowaamini, ambao huujadili na kuufasiri kwanza.

Maelezo hayo ya pili yanafaa sana kwa mazingira ya Tanzania. Wimbo wa rap husikilizwa kwa pamoja: kijiweni, saluni, kwenye basi, kwenye kituo cha bodaboda au dukani. Wasikilizaji hubishana juu ya maana ya mistari, nani amemjibu nani, na kama msanii anasema kweli. Kwa hiyo athari yake hutokana na maneno yenyewe pamoja na maongezi yanayofuata.

Athari hizo huonekana katika maeneo matatu.

* Lugha. Rap imesambaza maneno ya mtaani nchini kote. Jina la wimbo wa Professor Jay "Zali la Mentali", unaosimulia habari za kijana maskini anayependwa na mwanamke tajiri, lilikuwa msemo wa kawaida kwa bahati isiyotarajiwa.
* Afya na mwenendo. Nyimbo kama "Alikufa kwa Ngoma" wa Mwana FA na "Starehe" wa Ferooz akishirikiana na Professor Jay zilizungumzia UKIMWI wakati watu wengi walipoona aibu kuutaja. "Starehe" humpa nafasi ya kuzungumza mgonjwa anayejutia maisha aliyoishi, na hivyo kufikisha onyo bila hotuba ya mkubwa kwa mdogo.
* Siasa. Rap ilimpa kijana asiye na cheo nafasi ya kumzungumzia kiongozi hadharani, kwa kejeli au kwa lawama, na kusikika nchi nzima.

Mambo haya hayakuanza na rap. Ushairi wa Kiswahili una malumbano, ambamo mshairi hujibiwa na mwenzake kwa vina vilevile. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilitumika shuleni na kwenye mikutano kufundisha siasa ya Ujamaa, wanafunzi wakiigiza mjinga na mjuzi wanaojibizana. Tofauti ni kwamba ngonjera za wakati huo kwa kawaida zilimtetea kiongozi, ilhali rap ya miaka ya 1990 ilianza kumhoji.

## "Ndio Mzee"

Wimbo "Ndio Mzee" umo katika albamu *Machozi Jasho na Damu*. Umetungwa kama mkutano wa kampeni. Mgombea anatoa ahadi, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na umati unaitikia kwa kukubali. Hakuna anayeuliza fedha zitatoka wapi wala kazi itakamilika lini. Kichekesho kinawagusa wawili kwa pamoja: mwanasiasa anayedanganya na mwananchi anayeitikia bila kufikiri. Baadaye msanii huyo alitoa wimbo wa kuujibu, "Siyo Mzee", ambamo wananchi hawakubali tena kila wanachoambiwa.

Nguvu ya wimbo ilitokana na mazoea yake. Msikilizaji wa wakati huo aliijua mikutano ya namna hiyo, na neno "mzee" ni la heshima ambayo kijana hufundishwa kumpa mkubwa wake. Wimbo haukumfundisha kijana kuvunja adabu. Ulimwonyesha kwamba adabu hiyo inaweza kutumiwa vibaya, na maneno ya kuitikia yakawa njia ya kumcheka mtu yeyote anayeahidi kupita uwezo wake.

Umri wa wasikilizaji ni jambo la kuzingatia. Tanzania humruhusu raia kupiga kura akitimiza miaka 18. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wimbo ulipotoka mwaka 2001 alikuwa na miaka 24 katika uchaguzi wa 2015. Kizazi kilichokariri "Ndio Mzee" utotoni ndicho kilichokuwa kundi la wapigakura vijana Haule alipogombea.

## Uchaguzi wa mwaka 2015

Haule aligombea kwa tiketi ya CHADEMA, chama kilichokuwa ndani ya umoja wa vyama vya upinzani ulioitwa UKAWA. Alimshinda Jonas Nkya wa CCM. Hakuwa mwanamuziki wa rap wa kwanza kuingia bungeni: Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu mwaka 2010, naye alishinda tena mwaka 2015.

Wengi waliuona ushindi wa Mikumi kuwa ni ushindi wa muziki. Matokeo ya jimbo jingine la mkoa huohuo yanaonyesha kwamba jambo hilo si rahisi hivyo. Siku hiyohiyo Afande Sele aligombea ubunge wa Morogoro Mjini kupitia ACT-Wazalendo akashindwa, na kiti kilibaki kwa Abdulaziz Abood wa CCM. Wote wawili walikuwa wasanii wakubwa wa rap, mashabiki wao walikuwa walewale, na walikuwa wamesikika pamoja katika wimbo "Mtazamo". Tofauti kubwa ilikuwa ya kisiasa. ACT-Wazalendo ilikuwa chama kipya kilichosimama peke yake nje ya UKAWA, ilhali mgombea urais aliyeungwa mkono na UKAWA, Edward Lowassa, alipata karibu asilimia 40 ya kura nchini, kiwango ambacho hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kukifikia tangu uchaguzi wa vyama vingi uliporudi mwaka 1995.

Kutokana na ulinganisho huo inafaa kusema kwamba rap ilimpa Haule mambo mawili: jina linalojulikana na kila kijana, na sifa ya kuwa mtu anayesema ukweli. Chama, umoja wa upinzani na hali ya kisiasa ya mwaka ule ndivyo vilivyogeuza sifa hiyo kuwa kura.

## Ubunge na uchaguzi wa mwaka 2020

Baada ya kuapishwa, Haule alikabiliwa na kipimo alichokiweka mwenyewe. Mbunge wa upinzani hasimamii bajeti ya serikali. Kazi yake ni kuuliza, kuchangia hoja na kuisukuma serikali. Hata hivyo mwananchi wa kijijini humdai mbunge maji na zahanati kana kwamba ndiye serikali. Wimbo ulikuwa umewafundisha wasikilizaji kudai hesabu ya ahadi, na sasa aliyedaiwa alikuwa mtunzi.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu kwa upinzani. Kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, isipokuwa wabunge katika majimbo yao wenyewe. Zuio hilo liliondolewa Januari 2023. Sugu alifungwa mwaka 2018 kwa kosa la kumtusi Rais John Magufuli, akaachiwa mwezi Mei mwaka huohuo.

Katika uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020 kiti cha Mikumi kilichukuliwa na Dennis Londo wa CCM. Sugu naye alishindwa Mbeya Mjini na Tulia Ackson. Katika nchi nzima CHADEMA ilitangazwa kushinda jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, na chama hicho kiliyakataa matokeo kikidai kulikuwa na udanganyifu. Kwa hiyo matokeo ya Mikumi hayawezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba vijana walimchoka msanii wao, wala kwamba walibaki naye. Pia vijana waliopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka huo walikuwa wamezaliwa karibu na wakati wimbo "Ndio Mzee" ulipotoka, nao walikua wakisikiliza wasanii wengine.

## Udhibiti wa serikali

Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina mamlaka ya kusimamia kazi za sanaa na limewahi kufungia nyimbo na wasanii kwa sababu za maadili. Tukio mojawapo lilihusu mkoa wa Morogoro. Mwezi Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa mkoani humo kwa sababu ya wimbo wake "Wapo" unaoikosoa serikali. Muda mfupi baadaye aliachiwa, na waziri aliyehusika na sanaa, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais ameagiza wimbo huo uendelee kupigwa. Mwezi uliofuata msanii Roma na wenzake walitekwa na watu wasiojulikana katika studio jijini Dar es Salaam, wakapatikana baada ya siku kadhaa.

Matukio hayo yalikuwa na athari kwa wasikilizaji pia. Kijana aliyefuatilia habari hizo alijifunza kwamba maneno ya wimbo yana uzito, na kwamba yana gharama.

## Hoja za wakosoaji

Wakosoaji wa rap hutoa hoja kadhaa zenye msingi.

1. Nyimbo nyingi zinawadharau wanawake au kuwaonyesha kama mapambo. Wasanii wa kike kama Zay B, Sister P, Witness na Rosa Ree wamejijengea nafasi, lakini idadi yao imebaki ndogo.
2. Nyimbo za biashara husifu fedha, magari na pombe, mambo ambayo kijana asiye na ajira ya kudumu hawezi kuyapata kwa njia halali kwa urahisi.
3. Umaarufu si ujuzi wa uongozi. Kumchagua msanii kwa sababu ya nyimbo zake kunaweza kuwa namna nyingine ya kuitikia bila kufikiri, jambo ambalo "Ndio Mzee" wenyewe unalikemea.
4. Vyama hutumia wasanii kuvuta watu mikutanoni. Wengi wanaofika huja kwa ajili ya burudani, na idadi yao haionyeshi idadi ya wapigakura.

Watetezi wa rap hujibu kwamba msanii anaakisi jamii aliyomo, na kwamba vijana si vyombo vitupu vya kumiminiwa chochote. Wanachagua, wanakataa na wanabishana. Hoja ya tatu, hata hivyo, haijibiwi kwa kuusifu muziki. Inajibiwa tu pale wapigakura wanapompima msanii kama wanavyompima mgombea mwingine yeyote.

## Baada ya mwaka 2020

Wasanii wa rap waliendelea kuingia katika siasa, safari hii upande wa chama tawala. Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, alichaguliwa mwaka 2020 kuwa mbunge wa Muheza, mkoa wa Tanga, kwa tiketi ya CCM, na mwaka 2023 aliteuliwa kuwa naibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo. Jambo hilo linaonyesha kwamba rap nchini haina chama chake. Sifa inayopatikana kwa muziki inaweza kutumiwa na upinzani au na serikali.

Professor Jay aliugua sana mwanzoni mwa mwaka 2022 akalazwa kwa muda mrefu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Viongozi wa serikali na wa upinzani, pamoja na wasanii na mashabiki, walijitokeza kumsaidia. Baada ya kupata nafuu alianzisha taasisi yenye jina lake kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa wa figo.

## Tazama pia

* Bongo Fleva
* Joseph Haule
* Joseph Mbilinyi
* Afande Sele
* Wilaya ya Kilosa
* Mikumi
* Ngonjera